Bosi Aliyeuza Sabuni na Mlingoti wa Olenguruone

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi yetu ya Nakuru walinipa saa kubwa ya ukutani. Ni zawadi nzuri, ingawa ni ajabu kumpa saa mtu ambaye ndiyo kwanza ameachana na mambo ya kuchelewa. Baada ya soda na keki, msichana mmoja wa idara ya wateja akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee Barasa, wewe umepitia mabosi wote wa hii kampuni. Si utuandikie, bosi mzuri anakaa aje?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58. Siwezi kuwaambia bosi mzuri anakaa aje. Nitaandika niliyoyaona, hasa ule mwaka wa 2007 kuingia 2008, mkitaka mjifunze, msipotaka basi wasomeeni watoto wapate usingizi.

Niliingia kazini nikiwa kijana kutoka Bungoma, enzi simu zikiwa bado mali ya serikali. Nilikabidhiwa kwa fundi mkuu, Bwana Harjit Singh, Kalasinga mrefu mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa hapa hapa Nakuru. Siku ya kwanza alinipa brashi ndogo ya kusafishia mitambo akanikataza kushika bisibisi. "Kijana, wewe tazama tu. Mkono baadaye," alisema. Nilitazama wiki nzima. Mitambo ya zamani ilikuwa na mlio wake, kama mvua juu ya mabati, na Bwana Harjit alitaka niujue ule mlio ukiwa mzima ili niutambue siku ukiugua.

Saa ya chakula alinigawia chapati na achari kali iliyonitoa machozi, akanipa na falsafa yake kuhusu wakubwa. "Bosi akija, mpe kiti, mpe chai. Lakini spana, usimpe."

Mabosi wa wakati ule, kusema kweli, wangeweza kupewa spana. Wote walikuwa wahandisi. Mkurugenzi mkuu alikuwa mtu aliyewahi kupanda milingoti ya simu yeye mwenyewe, na alipotembelea kanda aliangalia nyaya kabla ya kuangalia watu. Ubaya wao ni kwamba waliwaona wateja kama usumbufu. Mtu angeomba simu ya nyumbani akiwa bwana harusi na kuipata akiwa babu.

Kisha kampuni ikatenganishwa na serikali, na baadaye hisa zake zikauzwa kwa umma. Hapo ndipo mtindo wa uongozi ulipobadilika, na ulibadilika kama mitindo ya suruali, bila kutuuliza. Mkurugenzi wa kwanza wa zama hizo alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu wa mkataba, aliyependa sana washauri. Washauri walikuja Nakuru na viatu vyeupe, wakatubadilisha majina ya vyeo. Mimi, ambaye kufikia hapo nilikuwa nimepanda mpaka mkuu wa simu, nikawa meneja wa biashara ya kanda. Kazi ilibaki ile ile, ila kadi yangu ikawa na maandishi madogo zaidi.

Mgeni yule alipoondoka katikati ya mwaka 2007, bodi ilituletea Bi. Rehema. Huyu hakuwa mhandisi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya sabuni. Habari hizo zilipotufikia, mafundi walicheka wakashika mbavu. "Sasa tutakuwa tunasugua milingoti," akasema Njoroge, fundi wangu wa jenereta, na mwenzake Kiprono akaongeza, "Na omo."

Hawa wawili niwaeleze kidogo. Njoroge alikuwa mtu wa injini. Kiprono alikuwa mtu wa redio na antena. Nilikuwa nimewaweka pamoja tangu walipoajiriwa, wakazunguka Rongai, Ndabibi na Mau yote kwa gari moja, wakibishana kuhusu mpira njia nzima. Mama yake Njoroge alikuwa na shamba Olenguruone, juu kule Mau, kwa hiyo kila walipopanda huko kikazi, Kiprono naye alilala kwa huyo mama, akala kwake, akakemewa kama mtoto wa nyumba.

Bi. Rehema alikuja Nakuru bila kupiga tarumbeta. Nilikuwa ofisini nikipanga viti vya kumpokea, kumbe yeye alikuwa tayari ameketi ghorofa ya chini kwenye foleni ya wateja, kati ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mzee aliyekuja kulalamika. Alikaa pale mpaka zamu yake ikafika. Alipopanda juu aliniambia, "Mzee Barasa, umeshawahi kukaa kwenye kile kiti cha tatu? Kina msumari."

"Karibu sana, Madam."

"Niite Rehema. Siku hizi tunaitana kwa majina."

Nilijaribu. Ulimi ulikataa. Tulikubaliana kwenye Madam Rehema, na kile kiti kikatengenezwa siku hiyo hiyo.

Lakini hatukupatana. Mtindo wake, ambao nilisikia ndio uliokuwa mtindo wa wakurugenzi wa kampuni za teknolojia kila mahali, ulikuwa kuvuta maamuzi yote makao makuu. Alijenga chumba Nairobi chenye skrini ukutani, na kila mlingoti ukawa taa ndogo ya kijani au nyekundu. Mkurugenzi mpya wa ufundi, kijana anayeitwa Mutua, alikaa pale akituambia sisi wa mikoani la kufanya. Mimi nilikuwa nikipokea amri ya kwenda kuangalia mlingoti ninaouona dirishani.

Nilimwambia Madam wazi kwamba mkoa hauwezi kuongozwa na taa. Alinisikiliza, kisha akajibu bila hasira, "Wenye hisa hawanunui mikoa, Mzee. Wananunua kampuni moja." Nikabaki na kinyongo tu.

Ndipo ukaja uchaguzi, mwishoni mwa mwaka, na baada ya matokeo Bonde la Ufa likawaka. Mliokuwa hapa hamhitaji kusimuliwa. Mliokuja baadaye, jueni tu kwamba jina la mtu, kwa kuwa lilitaja kabila lake, lilitosha kumfungulia barabara au kumfungia. Watu niliofanya nao kazi miaka walianza kuangalia chini walipopishana kwenye ngazi. Wengine hawakuja kabisa. Kiprono alikuwa amehamisha mke na watoto kutoka mtaa wao, akawa analala stoo ya ofisi, juu ya maboksi ya betri. Njoroge alikuja kila siku na nguo zile zile, akakaa karibu na simu. Shamba la mama yake kule Olenguruone lilikuwa limechomwa. Hilo alilisikia kwa majirani waliokimbia. Mama mwenyewe hakuna aliyejua alipo, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Katika kukaa huko, wale wawili, ambao makabila yao ndiyo yaliyokuwa yakipigana, hawakuzungumza. Sikusikia wakigombana. Waliamkuana asubuhi, kisha kila mmoja akageukia ukuta wake. Ubishi wa mpira ulikuwa umekufa, na mimi niliyezoea kuwanyamazisha nilitamani hata mmoja aitukane timu ya mwenzake.

Asubuhi moja Mutua akapiga simu kutoka Nairobi. "Mzee, Olenguruone imekuwa nyekundu. Stima imekatika huko, na jenereta imezima, nadhani dizeli imeisha. Site inakula betri. Naomba mtume timu na dizeli, sasa hivi."

"Timu gani?"

"Si wale wawili ndio wanajua hiyo site?"

"Mutua, nikimtuma Njoroge hatafika. Nikimtuma Kiprono, hatatoka salama hapa mjini kabla hajafika huko. Barabara zina magogo."

"Police watawapeleka."

"Polisi hawatoshi hata kulinda hospitali. Sitatuma mtu."

Nilimsikia akipumua. "Mzee, hii si mimi. Mwenyekiti wa bodi anapigia Madam kila asubuhi. Magazeti yanaandika ni kampuni gani iko hewani na gani imezima. Ukikataa, hiyo ni kukaidi amri, na itaandikwa hivyo."

"Waandike."

Niliweka simu chini. Msinione shujaa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu wa kazi. Tena Mutua hakuwa na kosa lote. Mlingoti ule ukizima, watu wa kule juu, walioko mafichoni na walioko zahanati, wasingeweza kumwita mtu yeyote. Kutuma watu kulikuwa kuwaua, na kutotuma kulikuwa kuziba midomo ya wengine wanaoomba msaada.

Nikaruka ngazi zote nikampigia Madam Rehema mwenyewe. Nilimweleza nilichokataa na kwa nini. Nilitarajia habari za wenye hisa. Akauliza swali moja tu.

"Kama si hao wawili, nani yuko huko tayari?"

Nikafikiria. "Mlinzi. Mzee Koskei. Ni mtu wa kule kule, anaishi mlangoni pa mlingoti. Lakini kanuni haziruhusu mlinzi kufungua chumba cha jenereta. Wala kutumia dizeli ya mtu wa nje."

"Anaweza kuipata dizeli?"

"Labda. Jirani yake ana trekta."

"Afungue. Kama kufuli ina shida, aivunje."

"Madam, wakaguzi..."

"Wakaguzi nitajibizana nao mimi. Wewe uko hapo, mimi siko. Fanya, kisha uniambie."

Nikawaita Njoroge na Kiprono ofisini kwangu, tukaweka simu ya mezani kwenye spika. Simu nyingine niliiacha wazi kwa Mutua, atusomee hali ya betri kwenye skrini yake. Kiprono ndiye aliyempigia Mzee Koskei, kwa lugha yao, akamweleza. Mzee hakubisha. Alikwenda kwa jirani. Jirani alimpa mtungi wa dizeli nyuma ya zizi lakini akakataa kuandamana naye, maana watu wangeuliza anamsaidia nani. Tukangoja. Alipopiga tena alikuwa akihema, Kiprono akitutafsiria.

"Nimemwaga ndani. Nimewasha. Inalia tu, haishiki."

Kiprono akamwangalia Njoroge. Ndiyo mara ya kwanza nilipowaona wakiangaliana machoni tangu mwaka uanze. "Imeingiza hewa," Kiprono akasema. "Hiyo ni yako."

Njoroge hakusogea. Nilielewa. Upande ule wa simu alikuwa mtu wa kijiji kilekile kilichomchomea mama yake nyumba. Na kama Koskei angesikia sauti yake, hatukujua angefanya nini. Kutoka ile simu nyingine Mutua akasema, "Betri inashuka, Mzee. Inashuka haraka."

Njoroge akavuta kiti. Akainama karibu na spika.

"Mzee, tafuta chujio la dizeli. Liko upande wa kushoto, kama mkebe wa rangi. Juu yake kuna skrubu ndogo."

Taratibu, kwa Kiswahili, mzee akauliza, "Huyo ni nani anaongea?"

Njoroge akaniangalia, kisha akajibu.

"Ni mimi. Njoroge."

"Njoroge wa jenereta?"

"Ndio."

"Uko hai?"

"Niko hai, mzee."

Tukasikia kitu kama chuma kikianguka sakafuni, na sauti ya yule mzee ikapanda kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Sasa mbona simu yako haishiki? Nimekupigia, nimekupigia! Mama yako yuko kwangu! Yuko jikoni na mke wangu tangu ile siku ya moto. Simu yake iliungua. Tunamficha, sikuthubutu kumwambia mtu mwingine, na kila siku anakuulizia!"

Njoroge aliweka uso juu ya meza yangu. Simu yake ilikuwa imepotea siku aliyokimbia mtaani kwake, naye alikuwa amepata nambari mpya ambayo Koskei asingeweza kuijua. Kiprono alisimama nyuma yake, akaweka mkono mgongoni mwake na kuuacha pale. Mimi nilikwenda kuangalia dirisha, ambalo halikuwa na kitu cha kuangaliwa.

"Wazee, samahani," Mutua akasema, na sauti yake haikuwa ya mkurugenzi tena. "Betri ikiisha tunampoteza. Tafadhali. Ile skrubu."

Njoroge akainua kichwa, akajifuta kwa mkono wa shati. "Mzee, chukua spana ya kumi. Ilegeze hiyo skrubu, usiitoe yote. Sasa kuna kitufe cha pampu, kisukume kwa kidole. Povu linatoka?"

"Linatoka."

"Endelea mpaka povu liishe, itoke dizeli tupu."

"Bado povu... bado... sasa ni safi."

"Kaza. Washa."

Mashine ililia mara moja, ikakohoa, ikanyamaza. Akaambiwa arudie. Ikakohoa tena, halafu ikashika. Bwana Harjit angeujua mlio ule hata akiwa usingizini. Ulikuwa mlio wa mashine nzima. Kutoka Nairobi tukamsikia Mutua akipiga meza na watu wa chumba kile wakishangilia kama goli limeingia. "Kijani! Mzee, imekuwa kijani!" Nilikuwa nimezichukia sana zile taa. Siku hiyo niliomba anirudishie maneno hayo mara ya pili.

Kisha tukampa Njoroge chumba, aongee na mama yake. Kupitia mlango nilimsikia akisema, "Ndio mami. Nimekula. Nimekula, mami," na nilijua anadanganya, kwa hiyo Kiprono akaenda kumtafutia chakula.

Kumtoa yule mama kulichukua muda. Koskei alimweka mpaka barabara ilipotulia na lori la misaada likapanda, akampandisha mwenyewe, akiwa amemvalisha koti la mvua la kampuni, lenye nembo mgongoni, eti watu wafikiri ni mfanyakazi. Aliteremka getini petu mchana, mama mdogo, mkavu, koti likimburuta chini. Njoroge alimkimbilia. Kiprono alibaki karibu na kibanda cha askari, akichezea funguo za gari. Nadhani hakujua kama bado ana ruhusa ya kumsalimia.

Mama akamwona juu ya bega la mwanawe. "Na wewe Kiprono, unasimama huko kama mgeni wa nani? Hii mizigo itajibeba?"

Mizigo yenyewe ilikuwa furushi moja la shuka. Kiprono alilibeba kwa mikono miwili.

Wiki hiyo hiyo, walinzi walikuja kunishtakia kwamba mafundi wangu wawili wanapigiana kelele stoo. Nilishuka mbio. Walikuwa wanabishana kuhusu penalti.

Nchi ilipotulia, bodi ikaniita Nairobi. Barua ilisema kuna maswali kuhusu amri iliyokataliwa na kuhusu mtambo uliofunguliwa na mtu asiye na idhini. Niliketi ukumbini nje ya mlango wa chumba cha mkutano, suti ikinibana, nikirudia hotuba niliyoandaa njiani. Ilikuwa hotuba ndefu. Ndani nilisikia sauti ya mwenyekiti, kisha ya Madam Rehema, kwa muda mrefu.

Mlango ulipofunguka alitoka peke yake na mkoba begani.

"Twende tule, Mzee."

"Hawajaniita bado."

"Hawatakuita."

Tulikwenda kwenye mkahawa wa chini ambako wafanyakazi wadogo hula ugali na sukuma. Alinawa mikono, akaanza kula kama mtu aliyefunga siku nzima. Nikashindwa kuvumilia. "Madam, umewaambia nini?"

"Kwamba kukataa kulikuwa amri yangu."

"Lakini mimi nilikataa kabla sijakupigia."

"Hilo hawakuuliza," alisema. "Na mimi ningekataa, kama ningekuwa hapo. Tofauti ni dakika kadhaa." Alimega tonge. "Mwenyekiti aliuliza kama nawaachia mameneja wa mikoa wafanye wanavyotaka. Nimemwambia chumba cha skrini kitabaki, kwa sababu kilituonyesha ile betri. Lakini usalama wa watu utaamuliwa na aliye karibu na watu. Imepitishwa. Koskei naye amepitishwa, anaenda kufundishwa jenereta rasmi, na Njoroge ndiye atamfundisha."

Nikamwambia, "Asante, Rehema."

Aliacha kula, akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Umeona? Ulimi umekubali."

Nilirudi Nakuru alasiri ile ile. Pale Soko Mjinga, soko la kando ya barabara kuu, ambapo tangu Januari palikuwa patupu, vibanda vilikuwa vimefunguliwa tena. Kina mama walikuwa wamepanga viazi na karoti kwenye ndoo, wakiita magari kama zamani. Nilisimamisha gari. "Mzee, chukua na hii kabichi, nakufungia bei ya kwanza," mmoja akaniambia, nami nikachukua. Akaongeza njegere, nikachukua. Mwenzake akauliza mbona sinunui kwake, nikanunua na kwake.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliangalia nyuma ya gari, akaniangalia mimi.

"Baba Nekesa, tunalisha jeshi?"

"Kina mama wa soko walikuwa wamerudi," nikamwambia. "Wote walikuwa wamerudi barabarani."

Aliita jirani wa kushoto na wa kulia waje na beseni, na mimi nikaketi kwenye kiti cha baraza nikiwa na viatu vyangu vya Nairobi, nikawasikiliza wakigawana karoti mpaka usingizi ukanichukua.